Nakshi za kuinuka kwenye modeli ya 3D: anza na nozo, picha baadaye

Watu wengi wakitaka kuweka nakshi kwenye modeli wanaanza na kutafuta picha. Unakuta mtu ana picha ya jani zuri lenye mishipa yake yote na vinukta katikati, anaibandika kwenye modeli, kwenye skrini inapendeza kweli kweli, anaprinti, kinachotoka ni kama kitu kilichofunikwa na tope. Mimi ilinitokea kwenye kikopo cha kalamu. Masaa 11 printa inafanya kazi, asubuhi nakitoa kwenye bedi, majani yapo ila mishipa hakuna hata mmoja, nikipitisha kidole nasikia vimbe laini tu. Nikarudi kwenye faili nikapima, kumbe mishipa nilikuwa nimeichora upana wa milimita 0.2 na nozo (kile kitundu cha printa kinachotoa plastiki) niliyofunga ni ya 0.4. Pale hakuna setingi ingeniokoa, kitu ambacho nozo haiwezi kukichora hakichoreki.

Kwa hiyo kwenye mwongozo huu tunaenda kinyume na wengi, tunaanza na printa, alafu uelekeo wa kuprinti, alafu ndo picha, na Blender inakuja baada ya hapo. Blender ni programu ya kutengeneza modeli za 3D, nimeichagua sababu ni ya bure na inafanya kila kitu tutakachohitaji. Mfano wetu mwanzo mpaka mwisho ni hicho hicho kikopo cha kalamu, kipenyo milimita 80 na urefu milimita 100, tunakizungushia majani.

Kwanza elewa nakshi ya kweli na nakshi ya macho

Hapa wanaoanza wanapotea sana so nalisema mapema. Kwenye programu za 3D kuna njia ya kufanya uso wa kitu uonekane una mabonde na vilima bila kuugusa, programu inadanganya mwanga tu. Inaitwa bump mapping, aliitambulisha James Blinn mwaka 1978, na ndugu yake wa siku hizi ni normal map. Kwa gemu na filamu ni kitu kizuri sana. Kwa printa ni bure kabisa, sababu faili la STL (ndo faili la umbo tunalopeleka kuprinti) limebeba pembetatu peke yake, halibebi materio (rangi na sura ya uso) wala picha wala mwanga. Umeweka matofali mazuri kwenye materio ukaexport, ukuta utatoka laini kama kioo.

Tunachotaka sisi ni displacement, yaani pointi za modeli zisogezwe kweli kutoka pale zilipo, nyeupe kwenye picha ipande, nyeusi ibaki chini, kijivu kikae katikati. Namna rahisi ya kujua unayo ipi, iwashe Blender kwenye mwonekano wa Solid ambao hauna materio. Nakshi ikiwa bado ipo, ni ya kweli. Ikipotea, ilikuwa ya macho.

Hatua ya 1: jua printa yako inaweza kuchora nini

Chukua nozo ya 0.4 ambayo ndo wengi tunayo. Mstari mmoja wa plastiki unatoka na upana wa kama 0.4 mpaka 0.45. Mstari wa nakshi ulioinuka ukitaka uwe imara na usomeke, upe upana wa mistari miwili, yaani 0.8 au 0.9. Nafasi kati ya mstari na mstari usishuke chini ya 0.6, ukishuka plastiki inakutana katikati na bonde linajaa. Slaisa (programu zinazoikata modeli kuwa matabaka ya kuprinti) za siku hizi, mfano Cura kuanzia toleo la 5.0 na PrusaSlicer kuanzia 2.5, zinaweza kubadilisha upana wa mstari zenyewe kwa hiyo vitu vyembamba vinatoka afadhali kuliko zamani, ila usipange kazi yako kwa kutegemea huo msaada.

Kimo cha nakshi ni habari nyingine, na hapa kuna kitu kizuri wengi hawakijui. Printa haina uwezo sawa pande zote. Kwenda kulia kushoto na mbele nyuma, printa nyingi za mkanda zina hatua 80 za mota kwa milimita moja, yaani inaweza kusogea kwa milimita 0.0125. Ni ndogo sana hiyo. Kwenda juu inatembea kwa leya, yaani tabaka moja la plastiki juu ya lingine, na leya ya kawaida ni 0.2. Sasa fikiria nakshi ya kimo cha 0.8. Ukiilaza juu ya bamba, miinuko yake yote inagawanywa kwenye leya nne tu, hata ungechora jani lenye mgongo laini kiasi gani litatoka na ngazi nne kama ramani ya milima. Nakshi hiyo hiyo ukiiweka kwenye ukuta uliosimama, mgongo wa jani unachorwa na mwendo wa pembeni wa nozo, unatoka laini. Kwenye ukuta uliosimama hata kimo cha 0.3 kinaonekana vizuri mwanga ukitokea ubavuni.

Wenye printa za rezini (zile zinazogandisha kimiminika kwa mwanga wa skrini) hesabu zenu ni tofauti, pikseli moja ya skrini ni kama 0.05 au chini ya hapo, kwa hiyo mishipa ya jani ya 0.2 kwenu inatoka bila shida. Kazi ya picha na Blender huku chini inawahusu pia.

Hatua ya 2: amua kitasimama au kitalala

Kikopo chetu kinasimama chenyewe, hapo tumepata bahati. Ila kama ni kibao cha ukutani au kifuniko cha boksi, kaa ufikirie kabla hujagusa picha. Kikiweza kusimamishwa, kisimamishe. Kikilazimika kulala una njia mbili, ama ushushe leya mpaka 0.08 upate ngazi 10 kwenye kimo cha 0.8 na ukubali muda kuongezeka, au uibadilishe nakshi yenyewe iwe ya ngazi za makusudi, tuseme ngazi tatu, kila moja 0.4 ambayo ni leya mbili kamili za 0.2. Mi naipenda zaidi hii ya pili. Nakshi ya ngazi safi zenye kingo kali inaonekana imepangwa na fundi anayejua anachofanya, ila ile ya mgongo laini uliokatika katika kwa leya inaonekana ni kosa, hata ukitumia masaa mangapi.

Hatua ya 3: tengeneza picha

Picha yetu ni nyeusi na nyeupe, inaitwa heightmap. Fungua GIMP au Krita, tengeneza mraba wa pikseli 512 kwa 512, hilo ndo tofali moja la nakshi litakalojirudia kuzunguka kikopo.

Kabla hujachora piga hesabu ya mzingo. Kipenyo 80 mara 3.1416 unapata milimita 251.3. Nikitaka jani lijirudie mara 12 kila tofali linakuwa na upana wa 20.94. Idadi ya marudio lazima iwe namba kamili, 12 au 10 au 15, ukiweka 12 na nusu mwisho wa nakshi utakutana na mwanzo wake katikati ya jani na utaona jeraha limeshuka kutoka juu mpaka chini. Sasa pikseli 512 kwenye milimita 20.94 ni kwamba pikseli moja ina milimita 0.041. Hii namba iandike mahali maana ndo rula yako. Mstari wa 0.9 ni pikseli 22. Nafasi ya 0.6 ni pikseli 15. Kuanzia hapa ukichora unajua kabisa kipi kitaprintika na kipi hakitaprintika, mshipa wa pikseli 5 unauona kabisa kwenye skrini lakini unajua ni 0.2 kwa hiyo ama unenepeshe ama uufute. Mimi majani yangu yalianza na mishipa 14 kila moja, nikabaki na mshipa mkubwa wa kati na matawi sita. Yalipendeza kuliko mwanzo, sababu jicho lilipata mahali pa kutua.

Tofali lijirudie bila kuonekana maungio. Kwenye GIMP kuna amri ya Offset kwenye menyu ya Layer, isogeze picha nusu ya upana na nusu ya urefu, zile kingo zinakuja katikati na unaona wapi hazikutani, unazirekebisha kwa brashi, basi.

Alafu inakuja sehemu ambayo watu wanairuka na ndo inaharibu kazi nyingi: ukungu. Usiache mpaka wa nyeusi na nyeupe ukiwa mkali. Sababu ni mbili. Ya kwanza, pointi za modeli hazipangiki sawasawa na mchoro wako, kwa hiyo mpaka mkali unageuka meno ya msumeno. Ya pili ni mvutano wa ardhi. Upande wa chini wa kila jani kwenye ukuta uliosimama unaning'inia hewani, na jani la kimo cha 0.8 lenye ukingo wa ghafla linaitaka printa iweke mistari miwili bila kitu chini yake. Ukiupa ukingo mteremko wa nyuzi 45, yaani kimo 0.8 kipande ndani ya umbali wa 0.8, kila leya inapata pa kuegemea. Na rula yetu inasema 0.8 ni kama pikseli 20. Weka Gaussian Blur ya 8 mpaka 10, angalia ule ukanda wa kijivu unakaribia pikseli 20, ukifika acha. Angalia pia ukungu usile mshipa mwembamba ukaugeuza kijivu wote, maana hapo kimo chake kinashuka.

Hifadhi kama PNG. Usitumie JPEG kabisa, inatupa uchafu wa vijipikseli pembeni ya kila ukingo na displacement inausoma kama vilima, unapata ukuta wenye vipele. Kuhusu 8 biti na 16 biti, utasikia watu wanasisitiza lazima iwe 16. Piga hesabu mwenyewe, 8 biti ina ngazi 256, kimo chetu 0.8, ngazi moja ni milimita 0.003. Printa ya filamenti haiwezi kuonyesha hiyo hata iweje. Kwa nakshi fupi 8 biti inatosha.

Hatua ya 4: jenga kikopo kwenye Blender

Nenda Scene Properties, kwenye Units weka Unit Scale 0.001 na Length iwe Millimeters. Hii inafanya uniti moja ya Blender iwe milimita moja, na itakuokoa baadaye sababu STL (umbo hili la faili limekuwepo tangu 1987) halihifadhi kipimo chochote, ni namba tupu, na slaisa inaamua yenyewe kuwa ni milimita.

Ongeza silinda yenye vertex (pointi za duara) 128, Radius 40, Depth 100. Ingia Edit Mode, chagua uso wa juu, bonyeza I uuingize ndani kwa 2.4, alafu E ushushe chini kwa 97. Sasa una kikopo chenye ukuta wa 2.4 na kitako cha 3. Bonyeza Ctrl+R juu ya ukuta wa nje uweke mikato 50. Kwa nini 50, sababu mzingo 251.3 ukigawa kwa 128 kila kipande kina upana wa 1.96, na urefu wa 100 ukigawa kwa safu 51 unapata 1.96 hiyo hiyo, kwa hiyo vipande vinakuwa miraba. Vikiwa virefu upande mmoja nakshi inatoka safi upande mmoja na imekwaruzika upande mwingine.

Ukuta wa ndani usiuwekee mikato. Hauna nakshi, wa nini kuubebesha pointi.

Kama popote uliiscale modeli ukiwa Object Mode, bonyeza Ctrl+A uchague Scale. Usipofanya hivo Displace itavuta nakshi kwa kipimo cha uongo na utahangaika kutafuta kosa lilipo.

Sasa tunamwambia Blender nakshi ikae wapi. Chagua vipande vya ukuta wa nje, acha safu tatu juu na safu tatu chini, nenda Object Data Properties, kwenye Vertex Groups bonyeza alama ya kujumlisha alafu Assign. Zile safu tatu ni kama milimita 6 za ukuta mtupu kila upande na zina kazi. Ya chini inafanya leya za kwanza zishike bedi vizuri bila vijipindo, na ya juu inaacha mdomo wa kikopo ukiwa mviringo safi. Ukiangalia vyombo vilivyonakshiwa vizuri utaona nakshi ina fremu yake, haikatiki ovyo ukingoni.

Bado kidogo kuna UV, yaani kumwambia Blender picha ilale vipi juu ya ukuta. Chagua mstari mmoja wa kushuka kwenye ukuta wa nje pamoja na duara la juu na duara la chini, uviwekee Mark Seam, yaani hapo ndo ukuta utakatwa ili ufunguke. Chagua ukuta wote wa nje, bonyeza U, Unwrap, Margin iwe 0. Kwenye UV Editor utaona ukuta umefunguka ukawa mstatili uliojaza upana wa mraba. Ukuze mara 12, S alafu 12. Basi, picha sasa inajirudia mara 12 kuzunguka, na kwa urefu inajirudia mara 4 na ushee. Ukitaka kwa urefu iishie kwenye jani zima, ivute kidogo kwa Y peke yake, kuvuta kwa asilimia 5 hakuna jicho litakaloona.

Hatua ya 5: Subdivision, alafu Displace

Toka Edit Mode. Ongeza modifaya (kitu kinachobadilisha umbo bila kugusa modeli ya asili mpaka ubonyeze Apply) ya Subdivision Surface, chagua Simple badala ya Catmull-Clark, maana Catmull-Clark inalainisha kila kona na kikopo chako kitakuwa na mdomo ulioyeyuka. Levels weka 3, kila mraba wa 1.96 unagawanyika mara 8 kwa 8, pointi zinakaa kila baada ya 0.245. Kwa nozo ya 0.4 inatosha kabisa. Ukiweka 4 hutaona tofauti kwenye plastiki ila kompyuta itaona.

Chini yake ongeza Displace. Lazima iwe chini, kwanza pointi ziwe nyingi ndo zisogezwe. Bonyeza New upate texture, nenda kwenye tabo ya Texture Properties ufungue PNG yako, Color Space iwe Non-Color ili kijivu cha nusu kihesabiwe kama nusu. Rudi kwenye Displace. Coordinates chagua UV. Direction iwe Normal. Midlevel weka 0, maana yake nyeusi ibaki pale pale ukuta ulipo na nyeupe itoke nje. Blender inakuja na 0.5 na ukiiacha hivo nusu ya nakshi inazama ndani ya ukuta bila wewe kujua. Strength 0.8. Vertex Group chagua ile uliyotengeneza.

Hapo majani yanatokea. Zungusha kikopo polepole, fika kwenye ule mstari wa seam, hakikisha jani linapita bila kukatika. Likikatika, upana wa UV sio 12 kamili.

Ukitaka nakshi ya kuzama, Strength iwe -0.8, ila kumbuka ukuta unabaki 2.4 kutoa 0.8, yaani 1.6, ambayo ni mistari minne ya nozo. Inafaa. Kama ukuta ungekuwa 1.2 hapo ungebaki na mstari mmoja tu nyuma ya kila jani na mwanga ungepenya.

Kwa herufi na maumbo ya kona kali, usitumie picha

Jina, nembo, nyota, mistari ya kijiometri, hivi displacement haivitendei haki kwa sababu ya ule ukungu tulioweka. Chora kwenye Inkscape uhifadhi SVG (mchoro wa mistari, sio wa pikseli), iingize Blender, ipe unene kwenye Extrude, ibadilishe iwe mesh (modeli ya pointi na nyuso), alafu uiunganishe na modeli kwa Boolean ya Union. Kitu kimoja tu nakuomba ukizingatie, izamishe herufi ndani ya ukuta kwa 0.3 kabla ya kuunganisha. Nyuso mbili zikilala pale pale kwenye usawa mmoja Boolean inachanganyikiwa, inakupa mashimo. Na kama ni maandishi tu kwenye uso bapa wala huhitaji Blender, PrusaSlicer tangu 2.6 ina kifaa cha maandishi na tangu 2.7 inapokea SVG moja kwa moja.

Hatua ya 6: kagua na uexport

Hifadhi nakala ya faili kwanza. Modifaya ukishazibonyeza Apply hakuna kurudi, na kesho utataka kubadilisha kimo kutoka 0.8 kuwa 0.6, niamini.

Washa 3D Print Toolbox, kwenye matoleo ya 4.2 kuendelea unaipakua kama extension. Bonyeza Check All. Unachokitafuta hasa ni Non Manifold Edge, ikiwa sifuri modeli imefungika na haina tundu. Intersecting Faces zikitokea chache mara nyingi ni sehemu ambayo nakshi ni kali mno na uso umejikunja ukajiingia wenyewe, ongeza ukungu kidogo kwenye picha zitaisha.

Modeli yetu ina pembetatu kama laki 8 na elfu 77. STL ya binary inatumia baiti 50 kwa kila pembetatu, kwa hiyo faili ni kama MB 44. Slaisa inalimeza bila shida. Kama yako imefika MB mia kadhaa ongeza modifaya ya Decimate inayopunguza pembetatu, Ratio 0.5, alafu angalia kingo za majani kwa karibu. Zikibaki safi, sawa.

Export STL, Scale 1, kile kisanduku cha Scene Unit kiache bila tiki. Kwenye slaisa kikopo kikisoma 80 na 100 upo sawa, pamoja na ile 1.6 ya majani pande zote mbili. Kikitokea kama chembe au kama jengo, rudi kwenye uniti.

Hatua ya 7: kipande cha majaribio

Usiprinti kikopo. Bado. Kata kipande cha ukuta chenye jani moja au mawili, kama 30 kwa 30, kisimamishe kama kitakavyosimama kwenye kikopo. Tengeneza vitatu, kimo 0.4, 0.8 na 1.2. Vikitoka vipange mezani, zima taa ya juu, shika tochi uimulike kutoka ubavuni karibu na meza. Utaona mara moja. Cha 0.4 kinakuwa na kivuli chembamba, kinapendeza kwa kitu cha kushikwa mkononi. Cha 0.8 kinasomeka ukiwa umesimama mbali. Cha 1.2 pitisha kidole upande wa chini wa jani, ukisikia vijinyuzi vinakwaruza ndo ile mistari iliyokosa pa kuegemea, mteremko wako hautoshi kwa kimo hicho. Kipande hiki kinakufundisha kuliko video kumi, na kinatumia plastiki kidogo mno.

Hatua ya 8: setingi za slaisa

Leya 0.16 au 0.12. Kuta tatu. Spidi ya ukuta wa nje ishushe, kichwa cha printa kinageuka geuka sana kufuata majani na kikienda mbio kinatetemeka, unaona mawimbi yameandamana pembeni ya kila ukingo kama kivuli cha pili cha nakshi. Kwa printa ya kawaida mi naweka milimita 30 mpaka 40 kwa sekunde kwenye ukuta wa nje peke yake, ndani ikimbie inavyotaka.

Mshono, yaani pale kila leya inapoanzia na kuishia, upeleke kwenye bonde kati ya majani. Slaisa nyingi zina brashi ya kupaka unapotaka mshono ukae. Paka bonde moja kutoka chini mpaka juu, hautauona tena.

Kabla ya kubonyeza print, fungua preview ya leya, shuka katikati ya kikopo, sogea karibu kabisa kwenye mstari wa nje. Unatakiwa uone mstari unapanda na kushuka kufuata jani. Kama umenyooka, basi hilo jani halipo kwenye G-code (maelekezo ambayo printa inayafuata) hata kama lipo kwenye modeli, na hakuna muujiza utakaolitokeza kwenye bedi.

Rangi na mwanga

Filamenti nyeusi inameza vivuli, nyeupe tupu inaving'arisha mpaka vinapotea. Kijivu cha mwanga, udongo, kijani kilichofifia, hizi zinaonyesha nakshi vizuri. Filamenti ya matte inaficha leya na kuacha nakshi iongee, ile inayong'aa kama hariri inaonyesha kila leya kwa hiyo inapambana na nakshi yako.

Msasa usipitishe kabisa, unakula vilele vya majani na kuacha mabonde yalivyo. Kama unataka nakshi ijitokeze zaidi, chukua rangi ya akriliki ya kahawia iliyokolea, ichanganye na maji mpaka iwe nyepesi, paka ukuta wote, subiri dakika moja mbili, alafu futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, unafuta kwa juu juu tu bila kukandamiza. Rangi inabaki kwenye mabonde na pembeni ya kila mshipa. Fanya upande mmoja kwanza uone, ikikaukia kabla hujafuta rudia na kitambaa chenye maji zaidi.